Nyumba Bila Ardhi, na Ardhi Isiyouzwa

Bibi yangu alikuwa na kopo la biskuti ambalo, tangu nipate akili, sikuwahi kuona biskuti ndani yake. Lilijaa risiti. Kila mwanzo wa mwezi mtu alipita na kitabu chake, bibi akafungua pindo la leso, akahesabu, akapewa kikaratasi, na kikaratasi kikaingia kopoini. Ile ilikuwa kodi ya ardhi. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe: vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma penye jiko na choo. Kuta zilikuwa za boriti na fito, zimekandikwa udongo na kupakwa chokaa, na juu kulikuwa na mabati yaliyochukua mahali pa makuti. Kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine. Sisi wa Mombasa tumezaliwa tukaukuta utaratibu huo, nao una jina linalojieleza: nyumba bila ardhi.

Chanzo chake ni cha zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa maili kumi wa pwani wajitokeze kuandikisha. Waliojua na walioweza wakapata hati za kudumu, ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza, na watu wengi waliobaki wakajikuta wanaishi juu ya mali ya wengine. Mtaa wa Majengo na mingine iliyofuata ilikua hivyo. Mwenye shamba anakukatia kipande, unamlipa kodi ndogo, unajenga, na siku yoyote anaweza kukwambia basi. Ndiyo maana nyumba zile zilikuwa za udongo. Si kwamba watu hawakujua kujenga kwa mawe. Mji wa Kale uko pale pale na nyumba zake. Ila nani atajenga kwa jiwe mahali ambapo kesho anaweza kuhamishwa?

Vyumba viwili tulilala sisi. Vinne bibi alivipangisha: mama mmoja muuza mahamri na wanawe, fundi cherehani, vijana wawili wa kazi za bandarini, na mwalimu wa madrasa aliyekuwa akilipa anapopata. Hakuna aliyeiita nyumba ile makazi ya bei nafuu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na haikuwa na ruzuku ya mtu yeyote.

Mwenye ardhi alifariki, warithi wakagawana, wakauza. Mnunuzi alituma notisi ya miezi mitatu. Bibi alimwendea na kopo lake, akalifungua mezani, risiti za miaka zaidi ya thelathini. Yule bwana hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimwambia kwa adabu kwamba risiti zinaonyesha alilipa kodi, hazionyeshi kwamba ardhi ni yake. Kisheria alikuwa na haki. Tuling'oa mabati, milango na zile boriti ambazo mchwa hawakuzigusa. Udongo ukabaki pale kama kichuguu. Leo pamesimama gorofa, na kwa wapangaji wale wanne hakuna ambaye angeweza kulipia chumba kimoja ndani yake.

Nayasimulia haya kwa sababu mjadala wetu wa makazi nafuu umegeuka kuwa mjadala wa kujenga. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Wanaoipinga wanalia na makato, wanaoiunga mkono wanahesabu orofa zilizopanda. Swali langu ni jingine. Miaka ishirini kutoka leo, ni nani atakuwa analala humo?

Tuna mfano wa karibu. Mwaka 2016, nyumba 822 za Soweto Mashariki, Kibera, zilikabidhiwa watu waliokuwa wakiishi katika mabanda. Zilikuwa nyumba za kweli, zenye maji na choo ndani. Haukupita muda mrefu yakaanza kusikika yale yale ya miradi iliyotangulia: baadhi ya waliopewa wamepangisha kwa wenye kipato kikubwa zaidi, wao wamerudi mabandani. Watu waliwalaumu sana. Mimi siwalaumu. Mtu ana watoto wa kusomesha, ana deni la duka, ghafla anashika mkononi kitu ambacho soko linakitaka kwa kodi inayozidi pato lake la mwezi. Atafanya hesabu, na hesabu itamrudisha alikotoka. Nyumba ilikuwa nafuu kwa sababu umma ulilipia sehemu ya gharama yake. Ikishaingia sokoni bila sharti, ile sehemu ya umma inaondoka na mtu mmoja, mara moja, na anayefuata hapati kitu. Inabidi tuanze kujenga upya, tena kwenye ardhi iliyo ghali kuliko jana.

Ndiyo maana nimekuwa nikifuatilia kwa miaka kazi ya mashirika ya kijamii ambayo hayajishughulishi tu na kujenga. Yanashughulika na kulinda bei, na chombo chao kikuu ni kile kile kilichomvunja bibi yangu: kutenganisha nyumba na ardhi. Tofauti ni ardhi inakaa mikononi mwa nani.

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, Voi iko kilomita kama 150. Ndani ya mji huo kuna mtaa uitwao Tanzania-Bondeni. Jina linawachekesha wageni, lakini kwa anayefuatilia habari za ardhi katika bara letu, ni mahali pa kuvulia kofia. Ulikuwa mtaa wa mabanda juu ya ardhi isiyo ya wakazi, sehemu yake ikiwa ya Shirika la Reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifika mradi wa kuendeleza miji midogo, uliosimamiwa na wizara ya serikali za mitaa kwa msaada wa shirika la Ujerumani la GTZ. Mradi wa kawaida ungepima viwanja, ukagawa hati, ukapiga picha, ukaondoka. Wakazi wa Voi walipowekewa njia kadhaa mezani, wakaikataa ile ya kila mtu na hati yake. Walikuwa wamekwisha kuona kwingine: hati inatoka asubuhi, jioni mnunuzi yuko mlangoni na pesa taslimu, na baada ya miaka michache mtaa una watu wapya huku wa zamani wameanzisha kibanda kingine ukingoni mwa mji.

Walichochagua ni amana ya ardhi ya jamii. Ardhi yote ya mtaa inashikwa na wadhamini kwa niaba ya wakazi, na haiuzwi. Mkazi anapewa haki ya kutumia kiwanja chake, nyumba anayojenga ni mali yake, wanawe wanaweza kuirithi. Akitaka kuondoka anauza alichojenga, na chama cha wakazi kina nafasi ya kwanza ya kukinunua. Bei ya ardhi, ile inayopanda kwa sababu serikali imeleta barabara na maji, haiingii katika mauzo. Kwa bara la Afrika, Voi ndiko mfumo huu ulikojaribiwa mwanzo.

Ningependa kuandika kwamba kila kitu kikaenda vizuri. Haikuwa hivyo. Sheria yetu ya amana tuliirithi kwa Waingereza, nayo wakati ule haikupenda mali ifungwe milele isiuzwe, kwa hiyo wanasheria walilazimika kuunda vyombo viwili, amana ya kushika ardhi na chama cha wakazi cha kuendesha mambo. Kumweleza mtu anayeuza mboga sokoni kwa nini mtaa wake una vyombo viwili, na yeye ni mwanachama wa kipi, ni kazi ya miaka. Benki hazikujua zifanye nini na mtu mwenye nyumba asiye na hati ya ardhi. Baada ya muda wapo wanachama waliotamani kuwa na hati zao binafsi kama watu wengine, na wafadhili walipoondoka hakuna aliyebaki na kazi ya kuueleza upya mpango kwa kizazi kilichokuwa kinakua. Mfano wa Voi haukuenea. Hapo ndipo ninapoliona kosa kubwa, na si la wakazi: tulidhani amana ni hati inayosajiliwa mara moja, kumbe ni ofisi inayofunguliwa kila asubuhi.

Burlington, mji mdogo wa jimbo la Vermont nchini Marekani, ulilielewa hilo. Kule pia wapo wasemaji wa Kiswahili leo, Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi, na wanayafahamu majira ya baridi ya kule kuliko mimi. Mwaka 1984, Bernie Sanders akiwa meya, manispaa ilitoa fedha za kuanzishia amana ya ardhi ya jamii. Mwaka 2006 amana ile iliungana na shirika dada la nyumba za kupangisha, ikawa Champlain Housing Trust, na mwaka 2008 ikapata tuzo ya kimataifa ya World Habitat. Ni shirika lisilo la faida, na bodi yake ina wakazi wa nyumba zenyewe.

Kanuni yake ya kuuza ni rahisi kiasi kwamba unaweza kumweleza mtu barazani. Tuseme umenunua nyumba ya amana, umeishi miaka kumi, thamani yake imepanda kwa dola 40,000. Ukiuza unarudishiwa ulicholipa, na katika lile ongezeko unachukua robo, dola 10,000. Zile 30,000 hazichukuliwi na shirika wala na meya. Zinabaki ndani ya bei, ndizo zinazomwezesha mnunuzi anayefuata, mwenye kipato kama chako ulipoingia, aingie. Ruzuku iliyotolewa mara moja inamhudumia wa pili, wa tatu, wa nne.

Lakini kilichonivutia zaidi huko si kanuni. Kulikuwa na nyumba za Northgate, fleti 336 za kupangisha, zilizojengwa na mwekezaji kwa mkopo nafuu wa serikali kuu. Sharti la kodi ndogo lilikuwa na mwisho: baada ya miaka 20 mwenye jengo angeweza kulipa deni lake na kupangisha kwa bei ya soko. Miaka ikakaribia. Wakazi wakajipanga, manispaa na mashirika ya kijamii yakaingia, na mwaka 1989 nyumba zikanunuliwa ili kodi ibaki chini. Hapakujengwa chumba hata kimoja kipya. Mwanasiasa anayetafuta utepe wa kukata hapati kitu katika kazi kama ile, na bado familia 336 zilibaki mahali pao.

Kuna na jambo jingine la Marekani ambalo watu wa fedha wanapaswa kulitazama. Msukosuko wa mikopo ya nyumba ulipoanguka mwaka 2008, wenye nyumba za amana za ardhi nchini kote walipokonywa nyumba zao kwa kiwango kidogo sana wakilinganishwa na wengine. Hawakuwa matajiri zaidi; walikuwa maskini zaidi. Tofauti ni kwamba amana inajua mapema. Mtu akikosa rejesho moja, anapigiwa simu na mtu anayemjua kwa jina, wanaketi, wanapanga. Tena amana haimruhusu achukue mkopo wa kumnyonga tangu mwanzo. Nikiulizwa shirika la makazi linafanya nini hasa, nitajibu hivyo: linapiga simu kabla benki haijapiga.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Kwanza si kweli. Amana ya kwanza ya namna hii kule ilianzishwa mwaka 1969 jimboni Georgia na wakulima weusi, katika siku ambazo Mweusi aliyejiandikisha kupiga kura alifukuzwa kwenye shamba la bwana wake. Bibi yangu angeielewa hadithi hiyo bila kufasiriwa. Pili, sisi wa pwani tuna wakfu. Mtu anaiweka nyumba wakfu, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Manufaa yake yanakwenda alikoelekeza, kwa jamaa, kwa msikiti au kwa maskini. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa nyumba za wakfu zilizopangishwa kwa kodi ndogo vizazi kwa vizazi. Ukitaka kumweleza mzee wa Kibokoni amana ya ardhi ni nini, usianze na Vermont. Mwambie ni wakfu ambao wanaonufaika wanaketi kwenye bodi.

Na wakfu unatupa onyo ambalo Burlington haiwezi kutupa. Nenda Mji Mkongwe utazame kuta. Nyumba nyingi za zamani zenye kodi ndogo zimechoka, chokaa imemwagika, boriti za dari zimeoza kwa maji ya mvua, ngazi inashikiliwa na kamba. Kodi ilibaki chini, ila hakuna aliyetenga fungu la ukarabati. Nyumba nafuu ina vifo viwili. Kimoja ni kuuzwa kwa aliye juu, kingine ni kuanguka polepole juu ya vichwa vya waliomo. Shirika linalojisifu kwa kodi ndogo na halina akiba ya kubadilisha mabati linachelewesha tu kifo cha pili.

Ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam, kuna somo la namna nyingine. Upanuzi wa bandari ulipowafikia watu wa Kurasini katika miaka ya 2000, fidia ilimtazama mwenye nyumba. Mpangaji, hata kama ameishi pale miaka ishirini, hakuwa na ukuta wa kuonyesha. Vikundi vya kuweka akiba vya watu maskini wa mjini, vikisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives, viliwahesabu watu wao wenyewe, vikachanga, vikanunua ekari 30 Chamazi. Wanachama, wengi wao wanawake, walijifunza kufyatua matofali ya kufungamana na kuyapanga bila saruji nyingi. Nawaheshimu sana. Lakini nyumba zilizosimama zilikuwa chache kuliko familia zilizokusudiwa, marejesho ya mikopo yalisuasua, na sababu moja iko wazi ukiangalia ramani: Chamazi ni mbali. Aliyekuwa akitembea kwenda bandarini kubeba mizigo sasa analipa nauli mara mbili kwa siku. Maskini akiambiwa anunue ardhi sokoni, atanunua pale tu palipo rahisi, na palipo rahisi hapana kazi.

Kwa hiyo kila kiwanja ambacho watu wa kipato kidogo bado wanakikalia katikati ya mji kina thamani ambayo mradi mpya wa pembezoni hauwezi kuirudisha. Hapo ndipo ningetaka fedha za umma ziende kwanza.

Pingamizi zito ninalisikia, na nimelisikia hata nyumbani kwetu. Mjomba wangu aliniuliza: tajiri anauza ardhi yake kwa bei anayotaka, kwa nini maskini peke yake ndiye awekewe masharti? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba anayeona sharti ni mzigo awe na hiari ya kutoingia, kama walivyochagua wenyewe watu wa Voi, na anayeondoka asiondoke mikono mitupu. Robo ya ongezeko ni kitu. Bibi aliondoka na mabati. Ila sharti lile linamlinda pia mpangaji wa chumba cha nne, ambaye katika hesabu ya mjomba hayumo kabisa.

Kuhusu viongozi kula mali ya wanachama, sina maneno matamu. Itatokea. Tumeona vyama vya ushirika, tumeona mashamba ya makampuni ya kununua ardhi yalivyogawanywa usiku. Ardhi ya amana isiwekwe rehani hata siku moja, maana wale wa Georgia waliipoteza yao mwaka 1985 wakiwa na madeni. Hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, na wapangaji wawe na kura, si wenye nyumba pekee.

Mombasa hatuhitaji kuanza na shamba tupu. Nyumba bila ardhi bado zipo, Majengo, Kisauni, Likoni, na wenye ardhi wanazeeka, warithi wametawanyika, wengine wako Ulaya na Ghuba na wangependa kuuza yaishe. Serikali ya kaunti inaweza kuwapa wakazi nafasi ya kwanza ya kununua, kwa muda uliowekwa, mwaka mmoja tuseme, kabla kiwanja hakijaenda kwa mtu mwingine. Sehemu ya makato yale ya nyumba inaweza kuwa mfuko wa kukopesha amana zinazonunua ardhi yenye watu tayari. Ardhi ikishakuwa salama watu watajenga kwa mawe wenyewe, chumba baada ya chumba, kama wanavyojenga kila mahali ambapo hawaogopi.

Binamu yangu anaishi Kisauni, katika moja ya nyumba kumi na mbili zilizo juu ya kiwanja kimoja. Mwenye kiwanja ni mzee sana sasa. Tangu mwaka jana wakazi, pamoja na wapangaji wao, wanachanga kila Jumamosi baada ya alasiri, na mwanasheria mmoja kijana amewaandikia katiba ya chama bila malipo. Walimwandikia barua mwanawe mkubwa, kwa heshima zote, wakimwomba siku akifikiria kuuza aanze na wao. Barua ilipokelewa, mtu aliyeipokea alitia sahihi kwenye nakala. Jibu bado.